Muhogo wa Siku Moja

Mwaka 2002, vita vilipouzingira mji wa Kindu, Odile alikuwa akimlea Falone, mtoto wa mdogo wake aliyefariki Kalima. Mashambani hakukuendeka. Kilichobaki ni muhogo mchungu nyuma ya nyumba, ambao ulitaka kulowekwa siku nne. Odile aliuloweka siku moja, akauanika, akautwanga. Wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba, na beseni lililokaa siku nne halikuwa lako tena.

Jirani yake, Mama Aïcha, alilichungulia beseni.

"Odile, huu haujachacha. Ungoje ulainike."

"Mutoto iko na njaa leo, Mama Aïcha."

Walikula hivyo majuma sita, bila samaki wala kunde. Asubuhi moja Falone, wa miaka saba, akajaribu kuinuka mkekani akaanguka.

"Mama mukubwa, miguu inakatala."

Haikupona. Hadi leo anatembea kwa fimbo mbili, magoti yakigongana.

Majirani wakatafuta mchawi, wakampata Mama Aïcha: si yeye aliyeinamia chakula cha mtoto? Odile aliyakumbuka maneno ya yule mama, akanyamaza. Mama Aïcha alipigwa mawe, akavuka mto kwenda kuishi Alunguli. Odile alisimama mlangoni akimtazama akifunga mizigo.

Mwaka jana muuguzi mmoja, Joëlle, aliwakusanya akina mama wa Kasuku, mtaa alikohamia Odile, mbele ya beseni la muhogo uliolowekwa.

"Ndani ya maji haya muko bakteria," alisema. "Ndiyo zinalainisha muhogo, sumu inatoka. Zinatengeneza asidi, ule uchachu munaosikia, na uchachu ule unazuia vijidudu vya kuharisha. Zingine zinaongeza vitamini. Mukizipunguzia siku, sumu inabakia. Mutu akiikula kila siku, bila samaki wala maharagi, miguu inaweza kufa."

Odile aliondoka kabla ya wengine. Alimkuta Falone kwenye cherehani, akamwambia yote: la beseni, na la kunyamaza.

Falone aliacha kushona.

"Njaa naielewa," alisema. "Pengine kesho nitakasirika, sijui. Lakini ule mama, ulimuacha apigwe?"

Odile akamsogezea fimbo zake mbili.

Wakavuka pamoja hadi Alunguli. Mama Aïcha, mzee sasa, aliwasikiliza akiwa kizingitini. Hakuwakaribisha kukaa.

"Mimi nilijua tangu siku ile," alisema. "Kawaambie wale walionipiga."

Jumapili Odile alipita nyumba moja moja katika mtaa wao wa zamani. Kwa Blanchard, aliyerusha jiwe la kwanza, alikwama kwenye salamu. Falone alisimama kando yake, hakumsaidia neno. Odile akaanza upya.

"Mama Aïcha hakuroga mutu," alisema. "Ni mimi niliyemulisha mutoto ule muhogo."