Pini ya Sufuria Mpya

Karakana ilikuwa ya watu wawili: fundi aliyeyeyusha aluminiamu kuukuu na kusubu sufuria, na mkewe, Bi Nyundo, aliyeng'oa kwa patasi vishikio vya chuma kwenye sufuria mbovu kabla hazijaingia tanurini. Chuma kikipita, mkorogo wote unaharibika. Kazi hiyo ilimmaliza kifundo cha mkono, lakini aliipenda. Mwanamke gani mwingine alikaa na mumewe kutwa nzima?

Ndipo akaja mbunifu, msichana mwenye rula mfukoni na maswali yasiyokwisha. Wiki nzima yeye na fundi waliinamia meza moja, vichwa nusura vigongane. Bi Nyundo akipita, walifunika mchoro. Wivu ulimchoma. Siku moja akawapikia chai bila sukari, wakainywa yote bila kugundua. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

Tena hiyo sufuria mpya waliyoibuni! Kishikio kilibanwa na pini moja tu. Ukiichomoa kwa vidole, kishikio kinatoka, sufuria inaingia tanurini safi. Patasi ya nini tena? Na Bi Nyundo wa nini?

Mwenye duka aliyenunua sufuria zao alipofika kuiona, wawili hao walitoka kumpokea. Bi Nyundo akainuka, akaigonga ncha ya pini kwa nyundo mara mbili, ikatanuka na kulala kama ribiti yoyote, isichomoke tena. Akarudi kigodani, uso mkavu.

"Tazama bosi, hata mtoto anaitoa," fundi alisema, akavuta pini. Akavuta tena. Jasho likamtoka.

"Mbona ni zile zile?" mwenye duka alisema, akaaga.

Mbunifu aligeuza sufuria, akaiona ile ncha. Akamtazama Bi Nyundo, akairudisha sufuria mezani.

Fundi akaketi chini. "Basi tena, mke wangu. Nilimsumbua binti wa watu wiki nzima. Nilimwambia, nichoree sufuria isiyotaka patasi, mkono wa mke wangu unaisha. Nilitaka nikushtukize leo."

Bi Nyundo aliivuta sufuria kwake.

"Ing'oe tu hiyo pini," fundi akasema. "Sufuria irudi tanurini."

Bi Nyundo akashika patasi. Pigo la kwanza lilimpanda hadi begani, machozi yakamtoka. Pini haikutikisika. Alikuwa ameigonga vizuri.