Udongo wa Kichuguu

Shangazi Mboje alikisukuma kihenge cha mtama kwa nyonga, akachungulia nyuma yake. Kisha akapitisha kidole ukutani polepole, kama anayeonja mboga ya mtu asiyemwamini.

"Hapa pameachwa," alisema.

Violeth alikuwa amesimama mlangoni, matope yamemfika viwikoni. Alikuwa mke mpya wa baba yangu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nje nikiosha karai, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

Nyuma ya kihenge alikuwa amebaki ndama. Ndama mmoja tu, aliyechorwa ukutani kwa udongo mweupe wa mtoni, shingo ameigeuza nyuma. Ndiye aliyekuwa wa mwisho katika msafara wa ng'ombe ambao marehemu mama aliuchora kuzunguka chumba chote, wakienda kunywa maji. Wenzake wote walikuwa tayari chini ya matope mapya.

Kwetu Migato kuta tulizipaka upya kila kiangazi, pamba ikishatoka shambani. Wanawake wengine walipaka wakanawa mikono. Mama alipaka, akasubiri ukuta ukauke, ndipo akaanza kazi yake. Alichora kwa vidole. Kidole chake cha mwisho kilivunjwa na jembe utotoni kikabaki kimepinda, kwa hiyo kila mstari aliouvuta ulifuatwa na mwingine mwembamba pembeni, uliofifia. Ng'ombe wake walionekana wanatembea kwa sababu ya mstari ule. Mimi nilikuwa mtoto wa kuficha uso kwenye kitenge chake nikiulizwa jina. Mbele ya ukuta sikuwa na aibu. Yeye anachora mgongo, mimi naongeza pembe.

"Pembe zako zina hasira," aliniambia siku moja, akacheka hadi akaketi chini.

Kuchora ndama hakunifundisha. "Huyu mwakani," alisema.

Mwakani ilimkuta kitandani, na kuta zikabaki bila kupakwa. Niliacha shule darasa la tano ili nimgeuze, nimwoshe, nimlishe uji. Alipozikwa, baba alivuna mara moja bila mke, kisha akamleta Violeth, ambaye tulikuwa tumekaa naye dawati moja.

"Utamsalimia kama mama," shangazi alinionya. "Usije ukamwita Violeth kama mko darasani."

"Mwadila, mayu," nilimwambia, salamu tunayompa mama. Violeth aliangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa na aibu kuliko mimi.

Katika ukoo wetu mke mpya hawashi moto mpaka apake nyumba ndani kwa mikono yake mwenyewe, yote, hata pembe za giza. Asipofanya hivyo, wanasema, chungu kitaendelea kumpikia aliyeondoka. Asubuhi ya kupaka nilimfuata baba zizini. Alikuwa anamtoa dume kupe, na kichwa hakuinua.

"Baba, naomba ukuta mmoja."

"Ukuta wa nini?"

"Wa mama."

Aliponda kupe kwa kisigino. "Mama yako yumo ndani, anakungoja," alisema. "Kamchanganyie udongo."

Nilimchanganyia. Udongo wa kichuguu, mavi mabichi ya ng'ombe, majivu kidogo. Niliukanyaga kwa miguu mpaka ukawa unavutika kama ugali wa muhogo. Mama ndiye aliyenifundisha, na sikujua namna nyingine ya kuchanganya.

Violeth alichota konzi ya kwanza, akasimama nayo mbele ya ng'ombe wa mama. Shangazi alikuwa uani. "Yupi unampenda zaidi?" Violeth alininong'oneza. Nikaonyesha kwa kidevu. Tukakivuta kihenge pamoja, tukakiegemeza pale.

Sasa shangazi alikuwa amekisogeza.

"Nani kakwambia uache?" alimuuliza Violeth.

Violeth alianza kujifuta matope viwikoni.

"Mimi," nilisema kutoka nje.

"Ohoo! Bubu wetu leo kapata ulimi!" Shangazi aligeuka, akajifuta kidole kwenye sketi. "Njoo basi. Mikono ya mke imeshapita kote. Hapa panataka mkono wa aliyekataza."

Nilimtazama baba. Alikuwa amefika mlangoni na kamba ya ng'ombe begani. Aliizungusha ile kamba mkononi, akaondoka kuelekea zizini.

Nilianzia kwenye kwato. Nikapanda tumboni, mgongoni, shingoni. Jicho nililiacha la mwisho. Shangazi alisubiri mpaka nikalipaka nalo, kisha akaniambia nilaze vizuri, pasibaki mkwaruzo. Nikalaza.

Siku hizi nachora Bariadi mjini. Nimechora mgahawa wa karibu na stendi, nimechora saluni, na sasa nachora ukumbi wa nyumba ya wageni. Januarius, kijana anayesimamia kazi hiyo, aliniuliza msukumo wangu unatoka wapi. Nikatazama sakafu. Akasubiri, akachoka, akaandika mwenyewe kikaratasi na kukibandika chini ya ng'ombe wangu: *Amerithi mkono wa mama yake.* Shule niliyosoma inatosha kusoma hayo.

Watu hupita wakasema, "Mistari yako misafi, dada." Misafi kweli. Niliwahi kukifunga kidole changu cha mwisho kwa uzi ili kipinde. Uliotoka ulikuwa mstari mchafu tu, wangu.

Wiki iliyopita Violeth alinipigia simu. Nilikuwa juu ya stuli, rangi nyeupe mkononi. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia mgongoni.

"Salu, pale nyuma ya kihenge pamebanduka. Kipande chote kimeanguka."

Nilishuka kwenye stuli.

"Yule ndama anaonekana?"

"Nilikigeuza kile kipande. Nikakikwangua na kisu, taratibu, nikijua utauliza." Alimbembeleza mtoto kidogo. "Hakuna, Salu. Ukutani imebaki miti. Udongo wako umeshikana na ule wa chini, umekuwa kitu kimoja."

Niliiweka rangi sakafuni. Naye alinijua, hakungoja jibu.

"Uliuchanganya vizuri," alisema.