Simama Hapo Nijione

Kitu cha kwanza alichokiona msichana kilikuwa mkono wa gauni. Mama yake mdogo alinyoosha mkono kuchukua uzi mweupe kwenye rafu ya juu, na pale ambapo ukingo wa gauni ulikuwa ukiuma nyama kila siku na kuacha mfereji mwembamba, hapakuwa na mfereji. Kitambaa kilining'inia tu, kama pazia siku isiyo na upepo.

Msichana akaacha kukanyaga cherehani. Akainama, akajifanya anatafuta bobini ya uzi iliyoanguka.

Mfereji ule aliujua kuliko alivyowahi kuijua hesabu ya kuzidisha. Mama yake mzazi alikuwa nao pia, mkono uleule, mahali palepale. Alipokuwa mdogo, akilazwa mchana mapajani mwa mama, alikuwa akiupitishia kidole, akienda na kurudi, mpaka usingizi umchukue. Mama na mama mdogo walikuwa pacha, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Wateja wa miaka mingi walikuwa bado wanakosea: mtu anapimwa na huyu, halafu wiki ya pili anakuja kumlaumu yule kwa kumcheleweshea suruali.

Duka lilikuwa la wote wawili. Mama ndiye aliyekata na kushona. Mama mdogo alikuwa wa mdomo na pasi. Alipokea wateja, akawabembeleza walioahidiwa nguo zao jana, akawachekesha mpaka wakasahau walikuja wakiwa na hasira. Na mama alipotaka kujishonea gauni, hakujipima.

"Simama hapo nijione," alikuwa akisema.

Pacha wake alikuwa akisimama katikati ya chumba, mikono wazi kama mtu anayekaguliwa mlangoni. Mama alimzungushia futi kiunoni, akatia pini huku na huku, kisha akarudi nyuma na kutikisa kichwa.

"Nimenenepa."

"Aliyenenepa ni mimi."

"Basi tumenenepa."

Walikuwa wakicheka hadi pini zinadondoka, na kazi ya kuziokota ilikuwa ya mtoto.

Asubuhi moja mama alianguka kwenye meza ya kukatia, mkasi ukiwa mkononi, na hakuinuka tena. Watu walisema ni presha. Msichana alikuwa darasa la sita. Hakuna aliyemwambia aache shule. Ni kwamba cherehani ilikuwa imekaa bure, vitambaa vya watu viko kwenye rafu, na miguu yake ilikuwa imeshafika kwenye pedali. Akakaa siku moja kumalizia sketi ya mtu, na hajaondoka hadi leo.

Wengine hubaki na picha ukutani. Yeye hakuhitaji picha. Mama mdogo akiinama kupiga pasi, mgongo ule ulikuwa mgongo wa mama. Akishuka ngazi huku amejishika nyonga, aliyeshuka alikuwa mama. Na usiku, mtoto aliyekua akilala kati ya mikoromo miwili alikuwa amebakiziwa mmoja, na mmoja ulitosha.

Mambo ya sindano yaliletwa na magoti. Magoti ya mama mdogo yaligoma kwanza, kisha presha ikapanda, kisha sukari nayo ikaanza kupiga hodi. Wakaenda wote wawili kwa daktari, mwanamke mwenye umri mdogo, mwenye kuvaa miwani kichwani na kuitafuta mezani. Alieleza polepole, bila kuwaharakisha.

Alisema ziko sindano mbili ambazo angeweza kumwandikia. Zote huchomwa mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo au ya paja. Ya kwanza inaiga homoni moja ya utumbo, ile inayoupelekea ubongo habari kwamba umeshiba. Ya pili inaiga homoni mbili, na kwa watu wengi hupunguza uzito zaidi. Lakini ya kwanza imetumika muda mrefu zaidi, na wao madaktari wanajua zaidi inavyousaidia moyo.

"Zote zinaweza kukuletea kichefuchefu, kutapika, hata kufunga choo. Tunaanza na dozi ndogo, tunapanda taratibu. Na zote mbili, mama, ukiziacha, hamu ya kula hurudi, na uzito kwa kawaida hurudi nayo."

Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho, mkoba ukiwa mapajani.

"Kumbe ni wachumba wawili," akasema. "Mmoja mpole, kwao kunajulikana. Wa pili ana mbio, ameahidi makubwa."

Daktari akacheka. "Na wote wawili wana gubu."

"Mchumba asiye na gubu bado hajazaliwa, mwanangu."

Daktari akamuuliza maswali mengi: kongosho, nyongo, kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo. Pacha alipotajwa, daktari akauliza, "Na huyo pacha wako, alipoondoka alikuwa na uzito gani?"

"Huu huu wangu."

Daktari akaiweka kalamu chini. Hakuna aliyecheka tena. Akamwandikia ya kwanza, kwa sababu ya moyo, na tangu siku hiyo ile sindano ikaitwa Mpole, na ile nyingine ikabaki na jina la Mbio.

Kumchoma ilikuwa kazi ya msichana. "Mtu wa sindano hapa ni wewe," mama mdogo alimwambia, akageuza uso ukutani na kufumba macho kama mtoto wa kliniki. Msichana alifinya nyama ya tumbo kwa vidole viwili kama daktari alivyomwelekeza. Mwanzoni ilijaa mkononi. Kadiri wiki zilivyopita, ikawa inabidi aitafute.

Mpole alifanya kazi yake. Mama mdogo akaanza kupanda ngazi akiimba. Presha ikashuka. Mkoromo ukaisha, na msichana akawa anakesha akiusikilizia ukimya. Magauni yakaletwa mezani moja moja yapunguzwe. Aliyapunguza vizuri, lakini kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono, akapitisha uzi, akanyamaza. Kunyamaza hakukumpa shida. Alikuwa mtu wa hivyo.

Katika wateja wao alikuwepo jirani mmoja aliyeitwa Redio, maana hakuwa na pa kumzimia. Naye alikuwa akichomwa, lakini yeye ya pili. Kila akija walisimama mbele ya kioo kikubwa na mama mdogo, wakilinganisha.

"Shoga, bado uko na mzee wako?"

"Mpole wangu simwachi. Wako vipi?"

"Wangu usiseme. Juzi sketi imenivuka barabarani! Mkono mmoja nimeshika mwavuli, mwingine nimeshika heshima yangu."

"Na uso umekwenda wapi?"

"Uso umetangulia, mwili unaufuata."

"Ukifika huko utuandikie."

"Cheka tu. Lakini niambie kweli, chakula unakionaje?"

Mama mdogo akafikiri. "Nakitazama kama mtu aliyeniudhi. Si kwamba namchukia. Sina la kuongea naye."

"Mimi nikinusa mafuta ya kukaangia, nakimbia. Na daktari ananiambia eti ninyanyue vitu vizito, misuli isije ikaondoka pamoja na mafuta. Nyumbani kwangu kizito ni mume wangu tu, na hanyanyuliki." Akamgeukia msichana. "Na wewe, Kimya, unaonaje? Mama yako mdogo kawa mwari. Tumtafutie mchumba wa kweli?"

"Amependeza," msichana akasema.

Hakusema uongo. Alipendeza. Shingo ilikuwa imechomoza, na macho, yaliyokuwa yamefunikwa na mashavu, sasa yalionekana makubwa. Lakini kila alichokuwa akipendeza nacho kilikuwa cha mtu mgeni, na msichana alirudi kwenye cherehani akishona mshono ambao haukuhitaji kushonwa.

Kisha uzito ukasimama. Dozi ilipopandishwa, mama mdogo akaanza kutapika asubuhi. Daktari akamwambia kuna njia mbili: kurudi kwenye dozi ndogo na kuwa na subira, au kuhamia ile ya pili. Mama mdogo akajibu, "Nipe nifikirie," na njiani hakuchekesha mtu yeyote.

Wiki hiyo alijinunulia kitambaa cha buluu, akamkabidhi msichana. "Nishonee gauni. Yale ya kupunguza yamenichosha."

Msichana alikitandaza mezani mchana ule, mvua ikinyesha nje na duka likiwa halina mtu. Akachukua chaki. Mikono yake ikatangulia: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Hakuangalia futi. Kwa miaka alikuwa ameshona magauni mengi kwa vipimo vilevile, hata hakukumbuka kuna kupima. Ilipofika jioni alikuwa amemaliza hadi pindo.

Mama mdogo akaingia nyuma ya pazia kulijaribu. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka, gauni lilimzunguka kama hema lisilo na nguzo, mabega yakiwa yameteremka hadi kwenye viwiko. Akajitazama kiooni. Akaanza kucheka, kile kicheko cha zamani cha kudondosha pini.

"Mama wee! Humu tunaenea wawili!"

Alipokwisha kulisema, kicheko kikamkatikia njiani.

Msichana aliinuka. Aliona alichokifanya. Hakuwa amemkatia huyu aliye mbele yake.

"Hukunipima," mama mdogo akasema.

"Sikukupima."

"Ulimpima yeye."

Mama mdogo akaketi kwenye kigoda cha wateja, buluu ikimwagika kila upande.

"Nikwambie jambo, ila usinicheke. Kila asubuhi kabla hujaamka nilikuwa nakuja kusimama kwenye kioo hiki. Nampa habari. Dada, yule mwalimu hajachukua suti yake mpaka leo. Dada, mtoto amejifunza kutia zipu vizuri kukushinda. Naye ananitazama, ananielewa. Siku hizi nikisimama hapa ananitazama mtu mwenye shingo. Simjui. Hanijui." Akajifuta uso kwa gauni. "Sasa nimeamua. Sitaki Mpole, sitaki Mbio. Naacha zote. Si daktari mwenyewe alisema, ukiacha unarudi? Basi acha nirudi. Na wewe unataka nirudi. Unadhani sioni unavyokunja kitambaa ndani ya mishono bila kukikata?"

Mvua ilikuwa imepungua. Msichana alisimama, chaki mkononi, na kitu kitamu kikampanda kifuani, kitamu hata akaogopa. Hakutakiwa kufanya lolote. Angenyamaza tu, kama kawaida yake, na kunyamaza kungekuwa jibu. Mgongo ungerudi kwenye pasi. Mkoromo ungerudi. Mfereji wa mkononi ungerudi mahali pake.

Na presha nayo ingerudi, na meza ya kukatia ilikuwa palepale.

Katika nyumba ile walisema "alipoondoka". Walisema "tangu yale yatokee". Yeye mwenyewe, mteja wa zamani akija kumuulizia mama, alijibu, "Hayupo," na wengine walijiendea wakidhani ametoka kidogo, na yeye aliwaacha wadhani hivyo, na kwa siku nzima naye alidhani pamoja nao. Neno lenyewe hakuwahi kulitoa mdomoni, wala mazishini, wala kwenye mto wake.

"Sema basi, mwanangu," mama mdogo akamwambia. "Ukisema niache, naacha leo."

Msichana akapiga magoti mbele ya kigoda, akamshika mikono yote miwili, ile myembamba.

"Mama alikufa," akasema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Alikufa, mama mdogo. Chukua Mpole au chukua Mbio, mimi nitakuchoma. Nataka wewe uzeeke, hata kama hutafanana naye tena."