Kihachi Halali Kifudifudi

Gari la nyumba ya wazee lingekuja asubuhi, na rafu ya chumba alichopewa Tokie ilikuwa fupi kuliko kijumba cha ibada cha marehemu mumewe, Kihachi. Matroni alishasema, kwa adabu zote: kikienea kwenye rafu, karibu, kisipoenea, kiende hekaluni kikachomwe. Ndiyo maana mzee Gonda, fundi wa mwisho katika kile kijiji kilichohamwa cha milimani Iwami, alikuwa amepiga magoti sebuleni kwa Tokie akihangaika na jigso, msumeno wake mdogo wa umeme.

Kijumba walikwisha kukifungua, mbao za pembeni zikapunguzwa bila taabu. Ulibaki ubao wa mbele, mweusi wa kung'aa, wenye mayungiyungi ya dhahabu.

Gonda akapima bamba la mashine kwa skwea, akakaza skrubu, akaizuia bledi yake ya meno isirukerukie mbele, akabana ubao mnyoofu wa kuongozea. Mikono yake ilitetemeka kama anayepepeta mchele.

"Haya shemeji, tuugeuze. Meno hukata yakipanda, yanachana upande wa juu. Uso mzuri ulale chini."

"Kihachi halali kifudifudi."

"Ni ubao huu, shemeji."

"Kule kwenye mfereji wa mpunga alikofia kifudifudi, ni nani aliyemgeuza? Si wewe?"

Gonda akapekua kopo lake la biskuti, akatoa bledi moja, ya pekee, meno yake yakitazama chini.

"Hii inakata uso ukiwa juu. Ila inaisukuma mashine ipande, lazima ikandamizwe kwelikweli. Na mimi mikono ndiyo hii."

"Tukandamize wote. Ingawa wanakijiji wakituona tumekumbatiana hivi, watasema."

"Wanakijiji gani?"

Tokie akaweka viganja juu ya vile vya Gonda, wakakata. Vumbi likawajaa puani. Walipofika mwisho, dhahabu haikuwa imebanduka hata chembe, na Tokie akaanza kuwaza akiweke kijumba rafuni upande gani, wa dirisha au wa kitanda.

Gonda alipoinua ubao, akaguna. Mbele mkato ulikuwa mnyoofu. Nyuma umekwenda upande, upana wa kidole. Waliusimamisha, ukaegama.

"Hivyo hivyo ndivyo Kihachi alivyokuwa akirudi kutoka kunywa," Tokie akasema.

"Tumekandamiza, tukasukuma pia. Tungeiacha ikate yenyewe taratibu. Sasa bledi imepinda, haifai, na zilizobaki zote meno juu." Gonda akafuta jasho. "Kurekebisha ni kukatia nyuma, uso chini, shemeji. Hakuna namna nyingine."

Tokie akaenda chumbani, akarudi na mto wake. Akauweka kwenye mkeka, akauteremsha ubao polepole, uso ukazama mtoni. Nyuma ulikuwa mti mtupu, hauna rangi. Gonda akaegesha mashine kwenye mstari. Akangoja.

Tokie aliutazama ule mgongo.

"Mgeuze," akasema. "Wewe unajua namna."

Gonda akaugeuza. Akaufuta uso kwa mkono wa shati, ingawa haukuwa na vumbi.

Asubuhi gari la hekalu lilitangulia kufika, likakibeba kijumba, ndipo likaja la wazee. Kwenye rafu ya chumba kipya Tokie aliweka kile kipande kilichokatwa, chenye vikonyo vya mayungiyungi. Nafasi ilibaki tele.

Matroni akauliza kama ni kibao cha kuwekea kikombe.

"Ndiyo," Tokie akasema. "Cha chai."