Kabla Penalti Haijapigwa

...na huyu kipa wao hajaumia hata kidogo, mtu aliyeumia hashiki goti kwa mikono miwili huku jicho moja linauangalia mpira, amelala tu pale kwenye nyasi zilizoloa ili Tainara, mpigaji wetu, asimame, angoje, afikiri mpaka achoke, ni ujanja wa zamani, hata sisi tuliutumia, na daktari wao anakuja kwa mwendo wa bi harusi na kisanduku chake cha barafu, baridi hii nani anahitaji barafu, na Gilmar msaidizi wangu yuko sikioni, "Mwalimu, tumbadilishe mpigaji. Mwalimu, unanisikia? Apige Josiane," nakusikia Gilmar, nusu ya uwanja inakusikia, ni kweli Tainara alikosa penalti kwenye nusu fainali, aliupaisha mpira ukaangukia juu ya paa la ghala la mahindi na mpaka leo haujashuka, ni kweli Josiane ni nahodha na damu yake imetulia, angeweza kupiga penalti hata nyumba yake ikiwa inaungua, na hii suluhu haitusaidii, suluhu maana yake tunabaki daraja la pili, na mzee Altair, mwenyekiti wetu, alishasema, alisema akiwa anavuta kwa mrija mate yake, ile chai chungu ya moto ya kupokezana kibuyuni, na kibuyu hakunipitishia, mtu wa huku Santa Catarina anywe mate peke yake mbele ya mgeni, nikajua hapo hapo kwamba habari si nzuri, "Dona Nete, mkipanda daraja tunaendelea. Msipopanda, timu ya akina dada naifunga, nabaki na ya wanaume," wanaume ambao wakishinda mechi moja wanazungumzia hiyo hiyo mwaka mzima... "Apige Josiane," nimeshafungua mdomo kusema, niliamua zamani, niliamua pale mwamuzi aliponyoosha mkono kwenye doa la penalti, kinachonikawiza sijui ni nini, labda baridi, labda ni huyu mzee nyuma ya wavu anayepiga kelele, "Nete! Ee Nete! Vua koti uingie upige mwenyewe!" na watu wanacheka, na mwingine anamjibu, "Bibi huyo akipiga, goti litatangulia wavuni kuliko mpira!" wanacheka zaidi, hawana ubaya, wazee hawa waliniona nikicheza, au wanadhani waliniona, siku hizi kila mtu mji huu alikuwepo siku ya ile fainali, ukiwahesabu wote uwanja ule ungepasuka.

Ile fainali. Nilikuwa mwembamba kama fito, nimevaa jezi ya kuazima kutoka kwa timu ya wanaume, bukta nimeifunga kwa kamba ya kiatu isidondoke, asubuhi ile nilikuwa nimetoka kiwandani kukata mapaja ya kuku, na vidole vilikuwa bado na ganzi, vidole vya kiwanda kile havikuwahi kupata moto, unakula ugali wa njano unaofuka mvuke na bado unausikia baridi mkononi, mama alisema, "Bora ucheze, kule kwenye kuku hupigiwi makofi," yeye enzi zake sheria iliwakataza wanawake kucheza mpira, walicheza nyuma ya zizi la ng'ombe na mtu mmoja akilinda njia, na kocha wetu Lauro, aliyekuwa dereva wa lori la chakula cha kuku, alinichukua mimi kwa sababu siku moja aliniona napiga danadana na kichwa cha kabichi nje ya geti la kiwanda, akashusha kioo, "Wee binti! Na mpira je, unaweza?" nikamwambia mpira ni rahisi, hauvunjiki majani, na baada ya hapo nilifunga, sijui niseme nini zaidi ya hapo, nilifunga kila mahali alikonipeleka, kwenye matope, kwenye viwanja vyenye mbuzi, mpaka tukafika fainali ya jimbo, na dakika za mwisho tukapata penalti, na mimi ndiye mpigaji, kila mtu alijua, nikauweka mpira chini, nikaupapasa, nikarudi nyuma, halafu Lauro akapaza sauti kutoka pembeni, "Nete, acha! Marlei atapiga!" hivyo tu, kama mtu anayemwambia mtoto asiguse sufuria, na Marlei, beki wetu, binti wa muuza mbao, akaja akaniambia, "Samahani, mwenzangu," akapiga chini kulia, ikaingia, tukawa mabingwa, na mimi nikarukaruka pamoja nao, picha ipo, mdomo uko wazi, ukitazama haraka utasema nafurahi.

Na Lauro alikuwa sahihi. Hilo ndilo gumu, kama Marlei angekosa ningekuwa na hasira safi, hasira ya kula nayo chakula, lakini aliifunga, na mtu utamlaumu vipi kocha aliyekupa kombe... nikaenda Uswidi mwaka uliofuata, kwenye mji wenye theluji na mashabiki wanaopiga makofi kwa adabu kama wako kanisani, nikafunga huko pia, nikafunga Japani, kule waliniinamia na mimi nikawainamia, goti likaharibika, wakalipasua, likaharibika tena, nikarudi nyumbani na masanduku na mguu usiokunjika vizuri, na ukocha ulinijia tu kama mvua inavyomkuta mtu njiani, na muda wote huo, kila penalti niliyoiona, yangu au ya mtu mwingine, hata ya watoto barabarani, mguu wangu wa kulia ulijikaza wenyewe na nikaisikia ile sauti, "Nete, acha," na nikajiambia, aliniibia, mtu yule aliniibia kitu mbele ya watu wote wakimshangilia, na yeye hakuwahi kukitaja, tulikutana mara nyingi, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi, mpaka akafa.

"Mwalimu, kipa anakaa sasa. Sema neno, mwalimu," ni Gilmar, na Josiane naye amesogea mpaka mstari wa pembeni, anavuta soksi, hanitazami kwanza, halafu ananitazama, "Niende nikamchukulie mpira, mwalimu? Yule mtoto mkaidi, mimi hanisikii, wewe atakusikia," sawa, mwite basi, wanamwita, benchi zima linamwita, "Taina! Tainara! Huku!" na Tainara hageuki, nilidhani hasikii, lakini anasikia, naona masikio yake yamekuwa mekundu, na kijiti changu hiki cha kutafuna nimekiuma mpaka kimekatika, hageuki, amesimama ametupa mgongo sisi sote, benchi, jukwaa, mzee Altair na kofia yake, ameuelekea mpira na goli basi, mikono kiunoni, hajasimama hivyo kwa bahati mbaya, alipouweka mpira alizunguka makusudi upande ule mwingine ili asituone, mtu anayezunguka hivyo ameshajua swali na hataki liulizwe... na mimi je, mimi nilisimamaje siku ile.

Mimi niliangalia benchi.

Niliuweka mpira, nikaupapasa, nikarudi nyuma, na nikageuza shingo nikamtazama Lauro. Nilikuwa nimelisahau hilo, sikulisahau, nililiacha nje ya hadithi, kila nilipoisimulia nilianza na sauti yake, sikuanza na shingo yangu, lakini sasa naliona vizuri kwa sababu nimesimama palepale aliposimama yeye, na ukisimama hapa mchezaji akigeuka unaiona sura yake yote, unaona macho yanauliza, niende?, na Lauro aliniona nauliza, akajibu, ni hilo tu, alijibu alichoulizwa, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, hakuiba chochote, mimi ndiye niliyeubeba mpira mpaka pembeni kwa macho na kumwekea mikononi, na baada ya hapo hakuwa na la kutaja, ndiyo maana tuliongea mahindi... ajabu, nilidhani siku nikilijua hili litanichoma, halichomi, ni kama mtu amekuambia tarehe halisi ya kuzaliwa kwako, unasema aa, kumbe, unaendelea kukunja nguo.

"Mwalimu!" "Mwacheni," nasema. "Unasema?" "Nasema mwacheni apige." Gilmar anashika kichwa, "Akikosa mzee Altair anatufunga, mwalimu, anatufunga kesho asubuhi," anatufunga, ndiyo, najua, na akikosa sitamwambia mtu yeyote kwamba nilikuwa na sababu nzuri, maana sababu yenyewe ni mgongo wa binti, huwezi kuipeleka mezani kwa mwenyekiti, na Josiane anauliza, "Kwa hiyo mimi nifanye nini?" na mimi najisikia namjibu kabla sijafikiri, "Rudi katikati, umkabe yule mrefu wao wa kushoto, kipa akiudaka atamrushia yeye," na ndipo nagundua kwamba mguu wangu wa kulia umetulia, umesimama tu pale kwenye matope kama mguu wa mtu mwingine yeyote, sitaki kupiga, mimi naangalia beki wa kushoto yuko wapi, nani atafuata mpira ukirudi, upepo unavuma kutoka wapi, kule nyuma ya wavu mzee bado anasema vua koti, Nete, na sivui, baridi kali... kipa ameinuka mpaka magotini, sasa anadai daktari amfunge kamba ya kiatu, mwamuzi anaitazama saa, filimbi iko mdomoni haijalia, na mpira upo pale pale alipouweka, na Tainara bado ametupa mgongo, vizuri, binti, vizuri, usigeuke, huku hakuna kitu cha kuangalia.