Tulivyompeleka Dorca Tororo

Mimi nikisema tunaenda, tunaenda. Ndiyo maana siku moja mwaka wa 1968, wanawake sita wa soko la Kibuye tulibanana ndani ya Peugeot ya dereva Ogola kabla jua halijachomoza, chapati na chupa ya chai mapajani, tukaenda Uganda kuupanda mwamba wa Tororo na kurudi jioni hiyohiyo. Hakuna aliyewahi kuvuka mpaka ila mimi, na mimi mwenyewe nilivuka mara moja tu, lakini hilo sikuwaambia.

Nililowaficha zaidi ni hili. Lornah, binti wa rafiki yangu Dorca muuza samaki, alikuwa Tororo na mtoto wa miezi mitatu. Alikuwa ametoroka na Gordon, kijana wa kiwanda cha saruji. Mtoto alizaliwa mdogo mno, daktari akakataza safari, na Dorca alikuwa hajamtia machoni mjukuu wake. Kila asubuhi sokoni aliniuliza kama watoto wa namna hiyo huwa wanaishi. Nikachoka kumjibu nisichokijua. Nikamwandikia Lornah barua kisirisiri, naye akanielekeza nyumba. Nilitaka Dorca ashtuke kwa furaha.

Kushtuka alishtuka. Saa nne na nusu Ogola aliingiza gari moja kwa moja ndani ya ua. Lornah akatokea mlangoni na mtoto, na nyuma yake Gordon, amevaa vesti tu. Gordon alipomwona mama mkwe wake aliruka ua wa nyuma akapotelea migombani. Dorca naye akajitupa chini kati ya viti, akajifunika leso gubigubi.

"Wamucii, umenileta kwa mkwe wangu kama gunia la viazi," aliniambia kutoka chini ya leso. "Huyu hajafika kwangu na wazee wake. Hajanialika. Nikikanyaga hapa nimejivunjia heshima, na mtoto nimemletea mkosi. Ogola, toa gari."

"Mama, mtoto ndiye huyu," Lornah alisema.

Dorca hakufunua uso.

Nilipandwa na hasira. Hata kwetu Nyeri mama mkwe hajiendei tu kwa mkwe wake. Nilijua hayo tangu utotoni na bado nikamleta, na mimi nikikosea ndipo ninapopayuka zaidi. Nikamwambia alale hapo sakafuni mpaka saa nane tutakapoondoka, sisi tutambeba mtoto kisha tumweleze anafananaje. Dorca akaanza kulia, polepole, leso ikipanda na kushuka. Hasira yote iliniisha, nikaona aibu.

Maximilla, mwenzetu wa soko ambaye huwa hasemi neno mpaka amalize kutafuna, alimeza chapati yake akauliza, "Ule mwamba ni nyumbani kwa nani?"

"Si kwa mtu," Dorca alijibu kutoka chini.

Ogola alirudisha gari nyuma kabla sijamwamrisha. Lornah akabanwa kiti cha mbele na mtoto wake, na Dorca akakataa kuinuka mpaka aambiwe kwamba nyumba haionekani tena.

Chini ya mwamba hapakuwa na kivuli hata kidogo. Dorca alikaa juu ya jiwe, na Lornah akamwekea mtoto mapajani. Dorca akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu, akaweka sikio kifuani pa mtoto akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anapumua vizuri," akaniambia mimi, kisha akacheka huku machozi yakimtiririka. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba tulikuja kupanda mwamba. Hakuna aliyeupanda. Tulimzunguka tu tukimtazama akijaribu kumkinga mtoto jua kwa kiganja chake.

Maximilla akanivuta mkono. Gordon, aliyeliona gari letu kutoka migombani, alikuwa anakuja, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa anatembea kinyumenyume ili asikutane uso kwa uso na mama mkwe, hatua moja moja, akijikwaa kwenye mawe, na mwavuli mweusi ameunyoosha nyuma ya mgongo wake. Alipotufikia alisimama, mgongo kwetu, akaurefusha mkono mpaka kivuli kikamfika mtoto usoni. Mimi niliuma leso nisicheke.

Dorca aliutazama mwamba, hakugeuka.

"Wamucii," alisema, "mwambie huyo mtu mkono utamuuma. Asogee karibu."