Kadi Mia za Mtihani

Fundi cherehani hakuamini kitu ambacho hajakipima. Ukimwambia kiuno chako ni inchi ishirini na nane atakuitikia, "Sawa, mwanangu," huku utepe umeshakuzunguka. Kwa hiyo mjukuu wake alipopata maneno mia kwa mia, jioni ya tatu mfululizo, bibi mwingine angepiga vigelegele. Yeye machale yakamcheza.

Zilikuwa zimebaki siku sita mtoto afanye mtihani wa kuingia shule ya bweni. Shule ilichukua wasichana arobaini tu, na mtihani wao ulipenda Kiingereza kizito: wanakupa neno ambalo hata wenyewe hawalitumii wakiwa na njaa, nawe utafute mwenzake mwenye maana ile ile. Akikosa safari hii, umri umempita, hakuna mwaka mwingine. Ndiyo maana aliletwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye watoto walimwita Mwalimu Kamusi. Akaandika kadi mia, mbele neno gumu, nyuma mwenzake.

"Mtoto huyu ni moto wa kuotea mbali," Mwalimu Kamusi alisema akifunga mkoba wake. "Kadi sijaiinua vizuri, jibu limeshatoka."

"Hapo ndipo panaponiwasha," fundi alijibu. "Huyu huyu aliyesahau ndoo bombani mara mbili wiki hii?"

"Bibi, ndoo si Kiingereza," mjukuu akadakia.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Babu yako naye alikuwa na majibu ya haraka, na ukweli haukuwamo."

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa mwalimu. Kiingereza cha fundi kilikuwa cha kusoma lebo za nguo, lakini nyuso za watu alizijua. Kesho yake akasogeza cherehani karibu na mlango wa sebule, akajifanya anapinda sketi, kumbe sindano haina hata uzi. Akamchunguza mwalimu kidevu, nyusi, vidole. Ananong'ona? Hanong'oni. Anagonga meza kwa siri? Wala. Mwalimu aliinua kadi kimya, kakauka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Basi akahamishia macho kwa mtoto, na hapo akaona. Mtoto hatazami neno. Anatazama pembeni ya kadi. Fundi aliwahi kuwa na wanafunzi wa namna hiyo katika ushonaji, wanaofuata alama ya chaki bila kusoma kipimo. Chaki ikifutika, suruali inatoka na mguu mmoja wa mtu mzima na mwingine wa mtoto.

Akaacha sketi, akaingia, akaichukua kadi mkononi mwa mwalimu na kufunika kona yake kwa kidole gumba.

"Hii?"

Kadi ilisema reluctant. Mtoto akajaribu kuchungulia kona.

"Bibi, toa kidole."

"Kidole kimekukosea nini? Neno si lile pale, linakukodolea macho?"

"Toa kwanza."

Akatoa. Konani palikuwa na doa la mafuta ya cherehani.

"Unwilling," mtoto akasema papo hapo. "Mtu anayesitasita, hataki."

Fundi akafunika nyingine, palipokatika pembe. Kimya. Nyingine, penye tundu la pini. Kimya. Mwalimu Kamusi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Nani kakufundisha wizi huu?"

"Siibi, Bibi! Nikiona doa, neno linakuja lenyewe. Nilidhani ndiyo kujua."

"Na alama hizi nani kazitia?" Fundi akamgeukia mwalimu. "Sema, Mwalimu. Unatafuta sifa mtaani kwa mgongo wa mtoto wangu?"

Mwalimu akakohoa. "Mama, mimi niliandika tu. Kadi nilizikuta zimeshakatwa."

"Zimekatwa na nani?"

Wote wawili walimtazama yeye, kwa heshima zote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni yeye aliyezikata, kwa kadibodi zile zinazokaa ndani ya mashati mapya, maana kununua karatasi ngumu aliona ni anasa. Hii ina doa, ile ina chapa ya kiwanda, ile imejikunja kama nyusi za mkwe. Hakuna mbili zilizofanana.

"Mnanikodolea nini?" akasema. "Mwalimu si wewe? Ungeona."

"Ningeonaje, na mimi nakaa nyuma ya kadi?"

Asubuhi fundi alinunua karatasi nyeupe, akakata kadi mia sawasawa kama vifungo vya shati moja. Mwalimu akanakili. Mtoto akapata ishirini na tatu, akalia mpaka kwikwi. Fundi, ambaye shaka haikuwa imemtoka, akamgeuzia mwalimu rundo zima. Mwalimu akapata tisini na sita, akasema hizo nne si Kiingereza safi.

Siku nne zilizobaki kadi hazikutosha. Kila neno ilibidi mtoto amsingizie mtu. Mteja anayeleta kitambaa halafu hataki kupimwa: reluctant. Mama wa jirani na maneno yake mengi, naye akapewa lake. Mtoto anasema kwa Kiingereza, kisha anaeleza kwa Kiswahili, na fundi anamtazama macho yanaelekea wapi.

Siku ya mtihani alisimama kwenye uzio wa shule mpaka mtoto akatoka.

"Maneno hamsini," mtoto alisema. "Thelathini na nane nina hakika. Mengine nimebahatisha."

"Umebahatisha kwa kutazama nini?"

"Kwa kutazama neno, Bibi. Konani hapakuwa na kitu. Nilichungulia."

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Mtoto alirukaruka, Mwalimu Kamusi alikuja na koti la harusi. Fundi aliiinua barua kwenye mwanga wa dirisha, akalamba kidole na kuusugua mhuri. Wino haukutoka, naye hakuridhika. Akajifunga kitambaa kichwani, akaenda nayo mpaka dirisha la karani wa shule.

"Ni ya kweli, mama," karani alisema akifungua daftari. "Jina ni lake, namba ni yake. Amekuwa wa thelathini na tisa."

"Wa thelathini na tisa katika arobaini?"

"Ndiyo, mama."

Fundi akaikunja barua taratibu, akaitia kifuani.

"Hiyo naiamini," akasema. "Ungeniambia wa kwanza, baba, leo usingefunga dirisha hili."